Mtoto Aliyepita Mianya Yote Miwili

Njia ya kufika Mianyani sitaieleza. Waliowahi kuieleza wametofautiana, na kila mmoja ameapa kuwa yake ndiyo yenyewe. Mimi nitasema tu kwamba nilifika, na kwamba nilifika kwa kuitwa. Kazi yangu ni ukaguzi wa mizani. Tangu ujana wangu nimezunguka masoko na maghala nikiyapima mawe ya watu, na kila nilipoingia nyuso zilikunjamana. Kwa hiyo nilipopata mwito kutoka serikali ya nchi nisiyoijua, wakitaka mgeni mkavu wa moyo, anayeamini macho yake tu, nilijua kwamba wameniulizia vizuri.

Kinachomshangaza mgeni kwanza ni salamu yao. Hawaulizi habari za asubuhi wala za nyumbani. Wakikutana huulizana, "Umepita mwanya upi?" Mmoja hujibu "wa kulia," mwingine "wa kushoto," na wapo wanaojibu "sijui" huku wakitabasamu, wala hawahesabiwi kuwa wamekosa adabu. Nilidhani wanazungumzia vichochoro vya kwendea sokoni. Ilibidi nipelekwe kwenye Ukuta ndipo nielewe.

Ukuta umesimama katikati ya mji mkuu, mrefu, wa mawe, nao una mianya miwili tu, myembamba, iliyokaribiana kiasi kwamba mtu wa mikono mirefu angeweza kuigusa yote kwa pamoja. Nyuma yake kuna uwanja wenye ukungu usioondoka, na ng'ambo ya uwanja kuna ukuta wa pili uliopakwa chokaa. Kila raia, meno yake ya utoto yanapoanza kulegea, huchovywa kidole kwenye masizi, akaingia peke yake, akavuka ukungu, akaacha alama moja ya kidole kwenye chokaa pale alipotokea. Alama moja haisemi kitu. Alama za watu wengi zinasema, na hapo ndipo balaa la nchi ile lilipoanzia.

Asubuhi, waangalizi walioapishwa hukaa kwenye mianya na kumwona kila mtu anakopita. Alama za asubuhi zimejikusanya mafungu mawili, moja nyuma ya kila mwanya, kama ambavyo mimi na wewe tungetarajia. Alasiri hakuna mwangalizi. Watu wanapita vilevile, mmoja mmoja, bila mwenzake wa kumsukuma wala kumpisha. Lakini alama za alasiri zimejipanga milia, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, kama mkeka, toka upande huu hadi ule. Nilisimama mbele ya ile milia mpaka shingo ikaniuma. Kwenye milia myeupe hafiki mtu. Ukiziba mwanya mmoja, watu wanafika hapohapo bila taabu. Ukiuzibua, hawafiki tena. Nilikasirika. Kumwongezea mtu mlango hakuwezi kumpunguzia mahali pa kwenda, na bado chokaa ilikuwa mbele yangu.

Watu wengine wangeishia kushangaa. Watu wa Mianyani walitunga sheria. Anayepita asubuhi huitwa Punje. Punje ana mahali pake, hurithi nyumba, hutoa ushahidi, na anaweza kufungwa. Anayepita alasiri huitwa Wimbi. Wimbi hana mahali, husafiri bila kibali, huimba harusini, na ni mwiko kumuuliza jana alikuwa wapi. Punje na Wimbi hawaozani. Kila mzazi anajua kwamba mtoto atakuwa kile atakachoulizwa, kwa hiyo mwenye nyumba ya kurithisha humpeleka wake asubuhi, na mwenye ngoma humpeleka alasiri. Ila ukilisema jambo hilo hadharani watakuuliza umekunywa nini.

Vipo vyuo viwili vya kulifafanua jambo hili. Maprofesa wa Punje hufundisha kwamba milia ya alasiri ni matokeo ya watu kutosimamiwa. Maprofesa wa Wimbi hufundisha kwamba mafungu ya asubuhi ni matokeo ya woga. Nilihudhuria mjadala wao mmoja, wakibishana kama mtu anayeoga peke yake ni punje au wimbi. Walitukanana kwa heshima mpaka saa ya chakula, kisha wakaunda kamati. Hakuna aliyependekeza kumuuliza mtu anayeoga.

Kosa kubwa kuliko yote nchini mle ni undumilakuwili. Kwetu neno hilo tunamtwisha mtu anayekula huku na kule kwa maneno matamu. Kwao ni mtu kuwa punje na wimbi kwa pamoja, na adhabu yake ni Uangalizi wa Kudumu. Mkosaji anawekwa kwenye kigoda, na waangalizi wanamtazama kwa zamu, zimepangwa kiasi kwamba huyu akipepesa yule anatazama. Asiyeapishwa haruhusiwi kumtupia jicho mtu aliye chini ya uangalizi, ushahidi usije ukachanganyika. Wote waliopo hugeuka na kuelekea ukutani. Niliposimuliwa haya nilisema moyoni kwamba kama kukodolewa macho ni adhabu, basi mimi nimeshaitumikia sokoni.

Nilipangiwa chumba kwa Siwema, mjane, mwalimu wa sarufi aliyekuwa ameachishwa kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kunyoosha mambo. Alinipikia vizuri na hakunisalimia kwa ile salamu yao hata mara moja. Nilipomuuliza sababu, alifunika chungu kwanza.

"Salamu hiyo ndiyo iliyomchukua mwanangu," alisema.

Binti yake aliitwa Chausiku. Jino lake la mbele lilipoanza kucheza, Siwema alimpeleka Ukutani. Ilikuwa alasiri, hakuna mwangalizi, kila kitu kwa utaratibu. Mtoto akapita, akaweka kidole chake kwenye chokaa, akatoka upande wa pili. Karani wa mlangoni akamuuliza lile swali kwa mazoea tu, kama mtu anavyouliza habari yako. Watoto wa alasiri hufundishwa kujibu "sijui." Chausiku alijibu, "Yote miwili."

"Nilikuwa nimemfundisha," Siwema alisema. "Nilimwambia, mama, sema sijui. Akaniambia, lakini mama, najua."

Tangu siku hiyo mtoto alikuwa kwenye kigoda, akingoja kesi. Mama yake aliruhusiwa kwenda kuzungumza naye, ila kwa kumpa mgongo. Mvua zilikuwa zimekuja na kupita, na zimekuja tena, hajauona uso wake. Niliomba nyongeza ya mchuzi nisiyoihitaji.

Asubuhi yake ndipo nilipoelezwa kazi niliyoitiwa. Kesi ya Chausiku ilikuwa imeigawa serikali. Vyuo vyote viwili vilimtaka, kila kimoja kikidai kwamba mtoto huyu akipimwa vizuri atamaliza ubishi. Kabla ya kesi walitaka mgeni akague waangalizi, athibitishe kwamba hawasinzii. Niliapishwa, nikapewa beji, nikapelekwa kwa Mwangalizi Mkuu.

Bi. Kazija alikuwa mwanamke mrefu, mpole, macho yake mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Alinionyesha zamu, viti, na kengele ya kubadilishana. Sijapata kuona kazi safi kama ile. Kama wenye maduka wa kwetu wangekuwa na nusu ya uaminifu wake, ningekufa njaa.

"Mnamlinda vizuri," nilimwambia.

"Hatumlindi, bwana," alinisahihisha. "Tunamwangalia."

Ndipo nikamwona Chausiku. Kitoto chembamba, gauni la kitambaa cha maua, miguu haifiki chini. Kidoleni bado alikuwa na masizi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe ni mwangalizi mpya?"

Nilimwambia mimi ni wa leo tu. Akanitazama kwa huruma, nami nikaona haya bila kujua kwa nini. Alipozungumza, jino la mbele lilikuwa limeinama kama mlango uliong'oka bawaba. Nilimuuliza kama linamuuma.

"Haliumi. Halitoki tu. Nikilisukuma kwa ulimi linarudi."

Nilikaa zamu nzima nikimtazama, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na naijua. Nimetazama mishale ya mizani maisha yangu yote. Ninajua mshale uliotulia, ninajua na mshale uliozuiwa kwa kidole. Mtoto yule alikuwa mshale uliozuiwa.

Niliporudi, Siwema hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Yukoje?"

Nilimweleza yote. Nywele zimesukwa mistari mitano, msuko mmoja umefumuka nyuma ya sikio. Gauni la maua. Masizi kidoleni.

"Huo msuko ulifumuka njiani siku ile," alisema. "Nilimwambia nitausuka tukirudi. Na jino?"

"Limelegea sana. Linakaribia kutoka."

Siwema alikaa chini, palepale sakafuni. "Lilikuwa linakaribia kutoka siku ile niliyompeleka," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa adhabu ile ni nini. Mtu anayetazamwa bila jicho kupepesa hasogei mbele. Kila jicho linalomwangukia linamkuta alipo, na kwa kumkuta linamwacha hapohapo, na linalofuata vivyo hivyo. Chausiku hakuwa amekua hata kidogo. Akihukumiwa, mama yake atazeeka, waangalizi watazeeka na kurithiwa, na yeye atabaki pale na jino lake la kulegea.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Mahakama ya Mianyani ina milango miwili, mmoja kila upande, na viti vyote vinaelekea ukuta mtupu. Mshitakiwa anakaa nyuma ya watu wote akiwa na waangalizi wake. Jaji Shomvi naye aliendesha kesi akiwa amempa mgongo, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, akiuhutubia ukuta kama mtu anayezungumza na jirani.

Wakili wa Punje alisema kwamba mtoto amekuwa chini ya macho muda wote huu na hajawahi kuonekana mahali pawili, basi ni punje, na jibu lake lilikuwa uongo. Wakili wa Wimbi alisema kwamba alama yake ilianguka katikati ya mlia mweusi wa alasiri, mahali ambapo hakuna fungu la asubuhi, basi ni wimbi, na jibu lake lilikuwa utoto. Jaji akawapongeza wote wawili kwa kusema kweli. Tatizo, alisema, ni kwamba kweli hizi haziwezi kukaa nyumba moja. Akaamuru jaribio.

Jaribio lilibuniwa na vyuo vyote viwili kwa pamoja, mara yao ya kwanza kushirikiana, na nakiri lilikuwa na akili. Waliona kwamba watu wanapoingia Ukutani wanajua kama kuna waangalizi au hapana. Huenda basi wanajigeuza kuwapendeza. Dawa yake ni kutoamua mpaka mtoto awe ameshapita. Waangalizi wangejificha ng'ambo, nyuma ya pazia. Chausiku akishaingia kwenye ukungu, Jaji angetupa kete. Ikiangukia upande mmoja, pazia lingefunguliwa na waangalizi watazame anatokea mwanya upi. Ikiangukia upande wa pili, pazia lingebaki limefungwa. Safari alizotazamwa, alama yake ingezungushiwa duara jekundu. Wakati kete inaanguka mtoto angekuwa ameshapita kitambo, na awe alipita kama punje au kama wimbi, hana tena namna ya kulibadilisha.

Akapitishwa tena na tena, tangu jua linapanda mpaka linashuka. Alikuwa amechoka, na sikumsikia akilalamika. Mimi nilisimama kwenye chokaa na makarani. Mwanzoni palikuwa na vidoa tu, vimetawanyika ovyo. Kisha vikaanza kusema. Vidoa vyenye duara jekundu vilikuwa mafungu mawili. Visivyo na duara vilikuwa milia.

Nilivikagua mwenyewe, mara ya pili na ya tatu, kwa matumaini ya kukuta karani amedanganya. Hakuna aliyedanganya.

Tuliporudi ukumbini palizuka minong'ono. Jaji Shomvi alikohoa, akauuliza ukuta, "Mtoto, ulijuaje kete itaangukia wapi?"

"Sikujua," sauti ndogo ilijibu nyuma yetu.

"Ulipopita mwanya, ulikuwa umeshajiamulia kuwa kitu gani?"

"Nilikuwa napita tu."

"Wakati huo, wakati unapita, ulipita mwanya upi? Sema kweli."

Mtoto alifikiri. Nilijikuta nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Wakati napita," alisema, "mlikuwa hamjauliza."

Sijui kwa nini jibu lile liliwaudhi kiasi kile. Mawakili walisimama wote wawili, na kwa mara ya kwanza walikubaliana. Punje isingefanya hivi, wala wimbi lisingefanya hivi, basi kosa limethibitika kwa ushahidi wa pande zote. Nilitegemea Jaji awaambie kwamba kama kitu kimekataa majina yote mawili, huenda majina ndiyo mabovu. Alisema kwamba majina ya nchi ni ya zamani kuliko mtoto.

Kisha alitoa hukumu, na aliitoa kwa upole. Huo upole ndio ulionichoma. Alisema Mianyani si nchi katili, haimchapi mtoto wala kumfunga. Sheria mama, iliyochongwa juu ya Ukuta na waasisi, inasema: Mtoto asiachwe bila uangalizi. Kwa rehema ya maneno hayo, Chausiku atabaki chini ya uangalizi siku zote za uhai wake.

Siwema alisimama. Alizungumza akiwa ameelekea ukutani kama sisi wote, bila kupandisha sauti.

"Mheshimiwa Jaji, mimi ni mama yake. Naomba niapishwe niwe mwangalizi wake."

"Kazi hiyo ina wenyewe, mama."

"Sheria haikuwataja. Imesema uangalizi. Mheshimiwa, ulipokuwa na homa utotoni, nani alikuangalia?"

"Mama yangu," Jaji alisema.

"Alikukodolea macho?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi. Nami nilishangaa kwamba sikuwa nimelifikiria jambo hilo mapema. Kwetu mgonjwa akiwa chini ya uangalizi, maana yake yupo mtu wa kumpa uji na kumgeuzia mto. Mtoto wa marehemu huachiwa mwangalizi, na hakuna anayedhani kwamba ameachiwa mpelelezi. Neno ni lilelile. Mianyani walikuwa wamelitazama upande mmoja tu kwa muda mrefu, mpaka upande wa pili wakausahau.

"Waasisi walimaanisha kutazama," Wakili wa Punje alisema.

"Walimaanisha kutunza," Siwema alimjibu. "Au walimaanisha yote mawili. Kama walimaanisha yote mawili, basi neno la sheria mama lina undumilakuwili, na naomba nalo liletewe kigoda."

Nilimsikia Jaji Shomvi akipumua. Alikuwa amebanwa, na kila mtu alijua. Akisema neno lina maana moja, ile ya mama, waangalizi wote wa nchi hawana kazi. Akisema lina maana mbili, sheria yenyewe inakwenda kukaa kando ya Chausiku. Mtu katika hali ile hutafuta mlango mdogo wa kutokea, naye aliupata. Alisema kwamba neno lina maana moja, maana hiyo ni ya waangalizi, na kwa kuwa mama huyu anataka kuwa mwangalizi, hapana ubishi wowote. Aapishwe.

Bi. Kazija ndiye aliyemwapisha. Kiapo chao ni kifupi: Nitamwangalia, sitamwacha. Siwema aliyarudia maneno yote, na sauti ilimkatika kwenye lile la mwisho. Kisha Bi. Kazija akawaondoa waangalizi wake, maana zamu ilikuwa na mwangalizi mpya, akaja kusimama nasi na uso wake ukutani. Alikuwa kando yangu. Sidhani kama alishawahi kusimama upande ule.

Tulisikia hatua za Siwema zikienda nyuma. Tulisikia zikisimama. Nilikuwa najua anachokiona, kwa sababu nilimweleza mwenyewe: msuko uliofumuka, gauni la maua, kidole chenye masizi. Mvua zote zile alikuwa akiutaka uso ule, na sasa sheria ilikuwa imempa, autazame mpaka kifo chake, na hakuna wa kumnyang'anya. Nilijiwazia kwamba mimi ningetazama. Nani asingetazama?

"Mama, mbona umefumba macho?"

"Umeshatazamwa vya kutosha," Siwema alisema. "Nipe mkono wako."

"Hunioni?"

"Sikuoni, mwanangu. Niko hapa."

Kando yangu Bi. Kazija alishtuka. Alisikia, kama nilivyosikia. Alikuwa na haki ya kugeuka, alikuwa na wajibu wa kugeuka, na shingo yake ilianza kwenda. Kisha ikarudi. Akaegemeza paji la uso wake kwenye ukuta baridi, akayafumba yale macho mekundu.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Chausiku. Ukiacha ndani ya ukungu, nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu alipowekwa kwenye kigoda. Sisi sote, Jaji, mawakili, maprofesa wa vyuo viwili, tulikuwa tunautazama ukuta mtupu, na mimi, mtu ambaye sijawahi kuamini kitu nisichokiona, nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote asigeuke mtu.

Kitu kidogo kilianguka sakafuni, kikadunda mara moja.

"Mama," sauti ya mtoto ilisema, kwa mshangao tu, "limetoka."

Alicheka. Kicheko cha mtoto mwenye pengo kina upepo ndani yake, na upepo ule ulinipitia shingoni. Kisha nilisikia miguu, mikubwa na midogo, ikienda kasi. Niliisikia upande wangu wa kulia. Niliisikia pia upande wangu wa kushoto. Ukumbi ule una mwangwi, na sitaapa.

Jaji alipotoa ruhusa ya kugeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Milango yote miwili ilikuwa wazi, na mapazia yake yote mawili yalikuwa yanacheza. Askari walisimama wakitazamana, maana hawakujua wakimbilie upi. Wakili wa Punje akanigeukia mimi, mgeni niliyeapishwa, mwenye masikio na akili timamu.

"Bwana mkaguzi, wewe unaaminika na pande zote. Wametoka mlango upi?"

Kalamu za makarani zilikuwa tayari. Mtu akiniuliza uzito wa kitu, nimezoea kumjibu kwa kipimo kamili, na sijawahi kumwacha mtu na shaka.

"Wakati wanatoka," nilimwambia, "mlikuwa hamjauliza."

Nilitakiwa kuondoka Mianyani kabla ya jua kuzama, nami sikuhitaji kuhimizwa. Nilipovuka ua wa mahakama nilimkuta Bi. Kazija amesimama peke yake, beji yake ameivua. Kiganjani alikuwa ameshika jino dogo. Aliniuliza kwetu watoto wakitokwa na jino wanalifanyia nini, kwa sababu kwao, alisema, huhifadhiwa na serikali. Nilimwambia kwetu hulitupa juu ya paa, ili jipya liote.

Alilitazama kidogo. Kisha akarudi nyuma hatua chache ili alione paa la mahakama vizuri, akainua mkono, na kabla ya kulirusha alifumba macho.